Kanisa Lililozaliwa Ikulu: Ukristo wa Nubia na Dola la Bizanti

 

Niliombwa nizungumze juu ya Kanisa la karne za mwanzo na Ukristo wa Bizanti. Ningeweza kuwapeleka Nikea, Efeso au Konstantinopoli, na kote huko pana mengi ya kusema. Nimechagua Nubia. Hapo Ukristo wa Bizanti ulivuka mpaka wa Dola la Roma ukaenda kusini kabisa, ukatawala nchi kwa karibu miaka elfu moja, kisha ukatoweka. Mtu anaweza kumaliza shahada ya teolojia katika vyuo vyetu bila kusikia hata mara moja jina la mji wa Dongola, na jambo hilo linanisikitisha.

Lengo langu ni kueleza jinsi Kanisa hilo lilivyozaliwa, lilivyoishi na lilivyokwisha, na kutetea wazo moja: kwamba lilizaliwa ikulu, na pamoja na kazi kubwa liliyofanya ya kuifanya imani iwe ya wenyeji, halikuwahi kujifunza kuishi bila ikulu. Hoja zangu ni nne. Hazilingani kwa urefu, na ya pili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Niondoe kwanza utata mmoja. Wengi wetu tukisikia Wanubi tunawakumbuka ndugu zetu wa Kibra kule Nairobi na wa Bombo kule Uganda, wazao wa askari waliotoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19. Hao ni Waislamu, na lugha yao imetokana na Kiarabu. Watu wa mhadhara huu nitawaita Wanubia. Nchi yao ilianzia Aswan, ikaufuata Mto Nile kwenda kusini hadi kupita pale ilipo Khartoum leo. Baada ya dola la Meroe kuanguka katika karne ya 4, zilitokea huko falme tatu: Nobadia kaskazini, mji wake mkuu ukiwa Faras, Makuria katikati, na mji wake Dongola, na Alodia kusini, na mji wake Soba.

Kwanza: Nubia ilibatizwa kwa sababu ya ugomvi wa Konstantinopoli

Mwaka 451 maaskofu walikutana Kalsedonia, ng'ambo ya Konstantinopoli, wakakiri kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, zisizochanganyika wala kutengana. Wanafunzi wa teolojia wataniwia radhi nikifupisha hivi. Wakristo wengi wa Misri na wengi wa Syria walilikataa tamko hilo. Waliona kwamba linampasua Kristo vipande viwili na kumsaliti mwalimu wao Sirili wa Aleksandria, aliyesisitiza umoja wa Neno aliyefanyika mwili. Watawala walijaribu kuwapatanisha kwa maneno, kisha kwa nguvu. Kufikia karne ya 6 pande hizo mbili zilikuwa karibu Makanisa mawili.

Mgawanyiko huo uliingia hadi chumbani mwa mtawala. Kaisari Justiniani, aliyetawala tangu 527 hadi 565, alikuwa upande wa Kalsedonia. Mkewe, Malkia Theodora, aliwalinda walioikataa. Theodosio, patriarki wa Aleksandria aliyeondolewa katika kiti chake, aliishi Konstantinopoli chini ya ulinzi wa malkia huyo. Mmoja wa watu wake alikuwa padre mzee aitwaye Yuliano, aliyeungua moyoni kwa ajili ya Wanubia.

Habari hizi tunazipata kwa Yohana wa Efeso, askofu aliyeishi wakati huohuo na aliyekuwa upande wa Theodora. Msimulizi ana upande wake, basi tumsikilize tukijua hivyo. Anasema Theodora alimweleza mumewe mpango wa kumtuma Yuliano, naye Kaisari hakupendezwa. Akaandaa ujumbe wake mwenyewe, wenye dhahabu na mavazi ya ubatizo. Malkia aliposikia, alimwandikia gavana wa Thebaida, kusini mwa Misri, kwamba akiruhusu watu wa Kaisari watangulie, atakatwa kichwa. Wajumbe wa Kaisari walipofika, gavana akawaambia wangoje, wanyama wa safari hawajapatikana. Yuliano alipofika, watu wake wakawatwaa ngamia kana kwamba ni kwa nguvu, na gavana akapata la kumjibu Kaisari. Ilikuwa yapata mwaka 543. Ujumbe wa Kaisari ulipoingia Nobadia hatimaye, mfalme alipokea zawadi kwa heshima na kuikataa imani waliyoileta, akisema amekwisha kupokea nyingine.

Yuliano alikaa huko miaka miwili. Joto lilimtesa, na Yohana anasimulia kwamba tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alikuwa akiketi ndani ya mapango yenye maji, amejifunga nguo kiunoni, akifundisha na kubatiza akiwa majini. Baada yake alikuja Longino. Justiniani alikuwa amekwisha kufa, na mtawala mpya hakutaka Longino aondoke Konstantinopoli. Akatoroka akiwa amevaa nywele za bandia, kwa kuwa kipara chake kilijulikana na kila mtu. Mwaka 569 akawa Nobadia, akajenga kanisa na kuwawekea mikono mapadre. Mwaka 580 akaitwa Alodia. Mfalme wa Makuria alimfungia njia ya mto, naye akazunguka kupitia jangwa la mashariki, ambako ngamia 17 walikufa kwa joto. Makuria yenyewe ilikuwa imeelekea Konstantinopoli: mnamo 573 wajumbe wake walifika kwa Kaisari Justino wa Pili na pembe za ndovu na twiga hai, na wanahistoria wengi wanaona kwamba ubatizo wao ulikuwa wa upande wa Kalsedonia.

Nisiwaache mkadhani kwamba Yuliano alikuta watu wasiojua lolote. Makaburi ya Nubia ya kabla yake yametoa vitu vyenye alama ya msalaba, na mfalme Silko wa Nobadia aliacha maandishi ya Kigiriki kwenye hekalu la Kalabsha akimshukuru Mungu, kwa umoja, kwa ushindi wake. Pia lilikuwapo pengo la kujazwa. Hekalu la mungu mke Isis pale Philae, karibu na Aswan, ambako Wanubia walikuwa wakienda kuabudu kwa ruhusa maalumu, lilifungwa kwa amri ya Justiniani mnamo 537, na makuhani wake wakatiwa gerezani. Hata hivyo katika falme zote tatu utaratibu wa kupokea imani ulikuwa uleule: mfalme kwanza, wakuu wake baada yake, kisha raia. Naomba mlishike hilo hadi hoja ya nne.

Pili: Imani ya Kigiriki ikawa ya Wanubia

Mwanzoni mwa karne ya 8, chini ya mfalme Merkurio, Nobadia na Makuria zilikuwa zimeungana. Licha ya ule ubatizo wa Makuria, Kanisa la ufalme huo lilimtii patriarki wa Kikopti wa Aleksandria, aliyeikataa Kalsedonia. Hapa pana jambo la kufikirisha sana. Kwa mafundisho Wanubia walikuwa upande mmoja na Wakopti. Kwa ibada waliendelea na Kigiriki kwa karne nyingi, hata wakati ambapo kwa majirani zao wa Misri Kigiriki kilikuwa kimerudi nyuma kukipisha Kikopti, na baadaye Kiarabu.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo makaburini. Mawe mengi ya kaburi ya Nubia yamechongwa sala ya marehemu kwa Kigiriki, ile inayomwita Mungu wa roho na wa kila mwenye mwili, inayomkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekishinda kifo, na inayoomba aliyelala apumzishwe mahali penye nuru. Waorthodoksi waliomo ukumbini wameshaitambua. Ndiyo sala wanayoombea wafu wao hadi leo, kule Ugiriki na Urusi, na kwa Kiswahili katika parokia zao za Kenya na Tanzania. Mkulima wa Dongola wa karne ya 11 aliagwa kwa sala hiyohiyo.

Pamoja na Kigiriki walitumia Kikopti, hasa watawa. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: waliandika lugha yao wenyewe. Walichukua herufi za Kigiriki, wakaongeza chache za Kikopti na chache zilizotokana na maandishi ya Meroe kwa sauti ambazo Kigiriki hakina. Kwa Kinubia cha Kale waliandika tafsiri za Injili, masomo ya Jumapili, hotuba juu ya msalaba, na pia hati za kuuziana mashamba, barua na risiti. Lugha ya altare ilikuwa pia lugha ya sokoni, na Kanisa lililofikia hapo limekwisha kuwa la wenyeji.

Nitoe mfano mmoja wa maandishi hayo, hadithi ya muujiza wa Mtakatifu Mena. Mwanamke mmoja karibu na Aleksandria alikuwa tasa, na nyumbani kwake kila kitu kilikuwa tasa, hata ng'ombe na kuku. Aliweka nadhiri kwamba kuku wake akitaga, yai la kwanza litapelekwa kanisani kwa Mena. Kuku akataga, naye akampa baharia yai alifikishe. Baharia akalisahau, akaja kulila. Jumapili moja, akiwa amesimama kanisani, akamwona mtakatifu anamjia juu ya farasi. Akaanguka kwa hofu, na yai lile likamtoka likiwa kuku mzima. Mena akampelekea mwanamke kuku wake, na mwanamke akazaa mwana akamwita Mena. Msomi wa leo anaweza kuipita hadithi hii harakaharaka. Mimi naiheshimu, kwa sababu inatuonyesha nini kilisomwa kwa sauti mbele ya wanawake wa vijijini: shida ya mtu asiyepata mtoto, uaminifu wa mjumbe, na mtakatifu asiyeacha hata yai la maskini lipotee.

Sasa twende Faras. Mwaka 707 askofu Paulo alijenga upya kanisa kuu la mji huo, na maandishi ya kuweka msingi yamesalia kwa Kigiriki na kwa Kikopti. Kwa karne zilizofuata kuta zake zilichorwa picha, zikapakwa chokaa, zikachorwa tena, tabaka juu ya tabaka. Baadaye mchanga ukalijaza kanisa hadi darini na kuzihifadhi. Mwaka 1961, Bwawa Kuu la Aswan likiwa linajengwa na bonde zima likisubiri kufurika, wanaakiolojia wa Poland chini ya Profesa Kazimierz Michałowski walianza kuuondoa mchanga huo. Walikuwa na miaka mitatu tu. Picha zipatazo 120 zilibanduliwa: zilifunikwa karatasi nyembamba, zikapakwa nta iliyoyeyushwa ili rangi ishikamane, kisha plasta ikakatwa nyuma yake kwa msumeno, taratibu. Nyingine zikaenda Warszawa, nyingine zikabaki Khartoum. Mwaka 1964 maji yakaifunika Faras.

Nataka tuitazame moja kwa karibu. Ni picha ya askofu Petro, aliyeliongoza jimbo la Faras mwishoni mwa karne ya 10. Amesimama akitutazama, uso wake ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, macho makubwa, mavazi yake ya kiaskofu yana mapambo mengi hadi miguuni. Nyuma yake, mrefu kumzidi, amesimama mtume Petro mwenye ngozi nyeupe na ndevu za mvi, mikono yake ikiwa juu ya mabega ya askofu. Mara nyingi nimeulizwa kwa nini watakatifu ni weupe na maaskofu ni weusi, na kama Wanubia walijidharau. Sioni hivyo. Mchoraji alizifuata desturi za Bizanti kwa watakatifu, kwa kuwa sura ya mtume ilikuwa imekwisha kukubalika kote, huku wafalme na maaskofu wa nchi yake akiwachora jinsi walivyokuwa. Aliyejidharau angewapaka wakubwa wake rangi ya kigeni. Huyu ameweka weusi wao mikononi mwa mtume, ukutani, mahali ambapo kila mwamini angeuona akiinua macho.

Katika kanisa hilohilo palikuwa na picha ya Mtakatifu Ana, bibi wa Yesu, akiwa na kidole midomoni, na vijana watatu wa kitabu cha Danieli katika tanuri la moto, malaika akiwakinga kwa mabawa yake. Katika kishubaka kimoja palikuwa na orodha ya maaskofu wa Faras, majina 27. Na kule Dongola, katika monasteri, imepatikana picha ambayo sijui mfano wake popote pengine katika sanaa ya Kikristo ya enzi zile: wanaume wanacheza ngoma mbele ya Bikira Maria na Mwanawe, wengine wamevaa vinyago, wengine wameshika ngoma, na maneno ya Kinubia yameandikwa kando yao. Aliyeichora alikuwa Mkristo, akaichora ndani ya monasteri. Tunaojadiliana hadi leo kama ngoma iingie kanisani tungepaswa kujua kwamba mjadala huo ulikwisha kupata jibu kwenye Mto Nile kabla ya babu zetu.

Katika monasteri hiyo pia lipo kaburi la askofu mkuu Georgio, aliyefariki mwaka 1113 akiwa na miaka 82. Ni chumba kidogo chini ya ardhi, na kuta zake zote zimeandikwa kwa wino: mwanzo na mwisho wa kila Injili kati ya zile nne, sala na majina matakatifu. Kwa kuandika mwanzo na mwisho waliweka Injili nzima kuwa ulinzi wa marehemu. Hapo imani ya Kigiriki, elimu ya Kikopti na hofu ya kawaida ya mwanadamu mbele ya kifo zimekaa ukuta mmoja.

Tatu: Amani na Waislamu ilikuwa ndefu, na ilikuwa na gharama yake

Hapa nitakwenda upesi zaidi. Majeshi ya Waarabu yaliyoitwaa Misri yaliingia Nubia mara mbili, mnamo 642 na 652. Mara ya pili kamanda wao Abdallah bin Sad alifika hadi Dongola na mitambo ya kurusha mawe, akalipiga kanisa la mji. Lakini wapiga mishale wa Kinubia walilenga macho, na wengi katika jeshi lake walirudi vipofu. Wanahistoria wa Kiarabu wenyewe ndio waliotuachia habari hiyo, na waliwaita wapiga mishale hao kwa sifa hiyohiyo. Pakafanyika mapatano yaliyoitwa bakti: kila upande usiushambulie mwingine, wasafiri wapite kwa amani, na bidhaa zibadilishwe.

Mashehe na baba maaskofu, mapatano hayo yalidumu, pamoja na mikwaruzo, kwa zaidi ya karne sita. Ni mfano wa nadra, na nafurahi kuutaja mbele yenu mlioketi pamoja. Hata hivyo siwezi kuficha sehemu yake nyingine. Kwa mujibu wa mwanahistoria al-Maqrizi, Nubia ilitakiwa kupeleka watumwa 360 kila mwaka, na kwa upande wake ilipokea nafaka na nguo. Mfalme Mkristo, chini ya picha za malaika, alitoa watu. Watetezi wa Ukristo wa Nubia hupenda kulipita jambo hilo. Tusilipite. Amani ile ililipwa na waliokamatwa, na hakuna ukuta wa Faras wenye orodha ya majina yao.

Mlango huo wa amani ulitumika pia kwa diplomasia. Malipo yalipochelewa kwa miaka, mfalme Zakaria alimtuma mwanawe Georgio kwa khalifa al-Mutasim, naye akafika Baghdad mnamo 836 na msafara wake, msalaba ukiwa mbele. Alipokewa kwa heshima, na akarudi na nafuu: malipo yawe kila baada ya miaka mitatu. Wanubia walikwenda hata mbali zaidi. Mwaka 1203 Robert de Clari, askari wa msalaba kutoka Ufaransa, aliona Konstantinopoli mfalme mweusi wa Nubia mwenye alama ya msalaba kwenye paji la uso. Aliambiwa kwamba mfalme huyo aliondoka kwao na watu 60 kwenda kuhiji, waliofika Yerusalemu hai wakawa 10, na walioingia naye Konstantinopoli wakawa wawili, na bado alitaka kuendelea hadi Roma. Mwaka mmoja baadaye askari hao wa msalaba waliupora mji huo.

Nne: Kwa nini Kanisa hili lilikwisha

Tarehe za mwisho wake zinajulikana. Mfalme Daudi wa Makuria aliushambulia mji wa bandari wa Aydhab mwaka 1272. Sultani Baybars wa Misri akajibu: mwaka 1276 jeshi lake lilimshinda Daudi na kumweka Shekanda kuwa mfalme mahali pake, na Wakristo wa Nubia wakatakiwa kulipa jizya, kodi ya wasio Waislamu. Tangu hapo wafalme walipandishwa na kushushwa na Cairo. Mwaka 1317 ukumbi wa ufalme pale Dongola, jengo la ghorofa, uligeuzwa msikiti, na maandishi ya kumbukumbu ya tukio hilo yapo. Ulitumika kwa sala hadi mwaka 1969. Mnamo 1365 jamaa ya kifalme iliihama Dongola. Ufalme mdogo wa Dotawo uliendelea kaskazini, na hati ya mwishoni mwa karne ya 15 bado inamtaja mfalme wake, Joel. Soba ilikuwa imeanguka mwanzoni mwa karne ya 16.

Wengi hutoa sababu moja: upanga. Ushahidi hauliungi mkono jibu hilo peke yake. Mwanahistoria Ibn Khaldun anaeleza njia iliyo ya kimyakimya zaidi. Katika nyumba za kifalme za Nubia urithi ulipitia kwa mwana wa dada. Wakuu wa Kiarabu waliohamia huko walioa dada za wafalme, na watoto wao, waliolelewa katika Uislamu, wakarithi viti kwa haki ya desturi ya Kinubia yenyewe. Ikulu ilibadili dini kupitia ndoa na sheria, kwa kiasi kikubwa bila vita.

Lakini swali langu linabaki. Ikulu kubadili dini ni jambo moja, na Kanisa kutoweka ni jingine. Tazameni jirani zao Wakopti. Walitawaliwa na watawala haohao, kwa muda mrefu zaidi na mara nyingine kwa ukali zaidi, na wapo hadi leo kwa mamilioni. Tofauti ilikuwa wapi? Mimi naiona katika historia yao kabla ya Uislamu. Tangu mwaka 451 Wakopti walikuwa chini ya Kaisari Mkristo aliyewafukuza mapatriarki wao na kuwawekea wa kwake. Kwa karibu miaka 200 walijifunza kuficha askofu katika monasteri za jangwani, kuchagua mwingine akifa, kulisha mapadre wao kwa sadaka za vijiji. Jeshi la Waarabu lilipofika, walikuwa wameshazoea kuishi bila mtawala wa kwao. Wanubia hawakuwahi kupata shule hiyo. Mfalme ndiye aliyebatizwa kwanza na mfalme ndiye aliyejenga. Wakuu wa serikali na wakuu wa Kanisa walikuwa watu wa nyumba moja, na kila askofu alitegemea kuwekwa wakfu na patriarki wa Misri. Kiti kilipobadili dini na njia ya Cairo ilipozibwa, padre wa kijijini hakuwa na wa kumrithi.

Ushahidi wa utegemezi huo upo: mwaka 1964 wachimbaji wa Kiingereza pale Qasr Ibrim, kaskazini mwa Nubia, walikuta mwili wa askofu Timotheo, aliyewekwa wakfu mnamo 1372. Alizikwa na nguo zake za safari, na chini yake ziliwekwa hati zake mbili za kuwekwa wakfu, moja ya Kikopti na nyingine ya Kiarabu, kila moja ina urefu wa karibu mita tano. Alikuwa amekwenda Misri kuupokea uaskofu na kurudi nao.

Tena, katika miaka ya 1520, padre Mreno Francisco Álvares alikuwa katika ikulu ya Ethiopia. Anaeleza kwamba walikuja watu sita kutoka Nubia kumwomba mfalme awape mapadre na watawa wa kuwafundisha. Mfalme aliwajibu kwamba hata yeye askofu wake humpata kutoka Misri. Angewezaje kuwapa wengine? Wakarudi mikono mitupu. Álvares alisikia pia kwa msafiri aliyepita Nubia kwamba bado kulikuwa na makanisa 150 yenye picha kutani. Watu walikuwapo, na makanisa yalikuwapo. Watu sita walitembea hadi Ethiopia kutafuta mtu mmoja wa kuwawekea mikono vijana wao, na hakupatikana.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa Ethiopia, kwa kuwa Kanisa la huko nalo lilikaa chini ya wafalme na lilipata maaskofu kutoka Misri. Nakubali kwamba mfano huo una uzito. Jibu langu ni kwamba Ethiopia ilipovamiwa na kiongozi wa Kiislamu Ahmad Gran katika karne hiyohiyo, mfalme alikimbia kutoka mlima hadi mlima na makanisa mengi yakateketea, lakini monasteri za visiwa vya Ziwa Tana na za milimani zilibaki na watawa, vitabu na wanafunzi. Nubia ilikuwa na monasteri nzuri, nyingi karibu na mto na miji. Sikuti huko ule mtandao wa milimani na visiwani ulioweza kubaki hai wakati ikulu imekimbia. Natarajia wanahistoria wa Ethiopia waliomo humu watanisahihisha kipindi cha maswali.

Kazi iliyo mbele yetu

Wakati tunazungumza, vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vimewafukuza mamilioni makwao, na Jumba la Makumbusho la Taifa la Khartoum, nyumbani kwa nusu ya hazina ya Faras, limeporwa. Kazi ya kwanza kwa nchi zetu ni ya ulinzi: maofisa wa forodha katika mipaka na bandari zetu wafundishwe kutambua vitu vya kale vya Nubia, maana vitu vilivyoporwa husafirishwa kwa njia za kawaida za biashara, na baadhi ya njia hizo hupita Afrika Mashariki.

Kazi ya pili ni ya wasomi. Vipande vya maandishi ya Qasr Ibrim vinaendelea kusomwa na kuchapishwa, na kule Dongola wanaakiolojia wa Poland, walioanza kuchimba mwaka 1964, wameendelea kupata vipya. Wanaosoma Kinubia cha Kale duniani ni wachache, na karibu wote wako Ulaya na Amerika. Sioni kwa nini chuo kikuu kimoja cha eneo letu kisifungue kozi ya Kigiriki, Kikopti na Kinubia cha Kale kwa pamoja, na kuwaalika wasomi wa Sudan waliokimbia vita waifundishe. Baadhi yao wako Nairobi na Kampala sasa hivi.

Na kazi ya tatu naielekeza kwa seminari na vyuo vya Biblia. Historia ya Kanisa barani Afrika katika mitaala mingi inatoka kwa Augustino wa Hippo ikaruka hadi kwa wamisionari wa karne ya 19. Katikati hapo wekeni Faras, Dongola na Soba, na safari ya wale watu sita. Nimeandaa orodha ya picha na ramani ambazo walimu wanaweza kuzitumia darasani. Ipo mezani pale mlangoni, na anayetaka achukue.